Nadhiri ya Jumamosi

Kwa miaka minne Jumamosi zangu zote zilikuwa za watoto wa watu. Saa nane mchana nilitoka chumbani kwangu mtaa wa Observatory kwa miguu, maana siku ya Sabato hatupandi gari, nikashuka na mlima hadi sinagogi, nako watoto wa Kiyahudi walikuwa wameshaanza kupigania mpira. Niliwafundisha nyimbo, niliwaamua, niliwafuta machozi na makamasi. Walikuwa wangapi sijui hasa, kwa sababu sisi hatuhesabu watu kwa namba. Unasoma aya yenye maneno kumi, neno moja kwa kila kichwa, na aya ikiisha unaanza upya.

Nasema "sisi", ingawa sikuzaliwa Myahudi. Nilizaliwa Lubumbashi nikabatizwa huko huko, nikaja Johannesburg na mama yangu tukiwa wakimbizi. Hapa nikaanza kusoma dini ya Kiyahudi, nikaulizwa maswali miaka mitano, na mwaka 2008 mahakama ya marabi ikanikubali. Kilichonivuta ni habari ndefu. Itoshe kusema kwamba nilitaka, na bado nataka.

Mwaka uliofuata, mkuu wa wale wanaojitolea, binti mdogo kwangu kwa miaka kumi, aliniomba nisaidie kikundi cha watoto. Nilijibu ndiyo, kila Jumamosi, na hata kambi ya Desemba nitakwenda. Nilijibu haraka kama mtu anayeogopa nafasi isije ikachukuliwa. Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo waliozaliwa humo hawalifanyi. Kwao hata mtu akikuahidi kukuletea keki Jumanne atamalizia kwa kusema "bila nadhiri", kwa kuwa jambo jema ukiliahidi hivi hivi, au ukilifanya mara tatu bila maneno hayo, linahesabiwa kuwa nadhiri juu yako. Sheria hiyo niliisoma mwenyewe, na mtihani wake nilifaulu. Siku ya kuitumia nikaisahau.

Mama alikaa Bellevue, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu. Jumatatu hadi Ijumaa alisafisha ofisi mjini, na Jumapili kanisa lilimmeza tangu asubuhi mpaka jioni, hivyo siku yake ilikuwa Jumamosi. Mimi Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye ibada, mchana kwa watoto, na Sabato ilipokwisha giza lilikuwa limeingia, na Bellevue huendi gizani, si kwa miguu wala kwa teksi. Tukabaki kuzungumza kwa simu katikati ya wiki, mimi nikiwa nimeibana begani huku nikishona magauni ya watu.

"Batoto bale beko na bamama yabo," aliniambia siku moja. "Miye niko na nani?"

Nilimwambia nitaacha. Nilikuwa nimechoka kweli, magoti yalianza kulalamika kwenye ule mlima, na nyimbo zilikuwa zimenikinaisha hadi nilizisikia kwenye cherehani. Nikamwendea mkuu nikasema nataka kupumzika. Alinikumbatia, na wiki iliyofuata nikasifiwa mbele ya watu wote kwa moyo wangu wa kujitolea. Ungekuwa wewe ungeacha baada ya hapo? Mwaka wa pili nikajaribu tena, nikapewa wasaidizi wawili ili nisichoke, yaani nikapata watu wengine wawili wa kuwaangalia. Mara ya tatu alicheka akasema, "Lakini uliahidi, na hukusema bila nadhiri."

Alikuwa anatania. Nilijua anatania, na bado usiku ule sikulala vizuri.

Niliogopa, na sioni aibu kulisema. Ukweli ni kwamba sikuwa nazuiwa na nadhiri peke yake. Nilikuwa nimesikia mara mbili, kwa sauti za chini, habari za watu waliokubaliwa kisha wakalegea, na wenyeji wakaanza kuulizana kama uongofu wao ulikuwa wa kweli. Hakuna aliyewahi kuniambia mimi hivyo. Hata hivyo nilijiona nikikaa nyumbani Jumamosi moja tu na sinagogi zima likiinua nyusi. Mama nilipomweleza alikata maneno: "Kuku mugeni hakosi kamba ku muguu. Lakini yako, mwana, unajifunga weye mwenyewe." Nilimkasirikia wiki nzima, kwa sababu alikuwa amenisema sawasawa.

Mwaka 2013, siku chache kabla ya Mwaka Mpya wetu, nilimwendea rabi. Siku hizo ndizo watu husimama mbele ya watu watatu na kuomba wafunguliwe nadhiri zao. Alisikiliza, akakuna ndevu, akasema kama kweli jambo hili linanikaa moyoni, nije kesho yake baada ya sala ya asubuhi.

Nilikuta viti vitatu. Katikati alikaa rabi, kulia kwake mzee aliyekuwa mfamasia, na kushoto mwanamume wa rika langu aliyeuza matairi. Alikuja na nguo za kazi, funguo za gari mkononi. Nikasimama mbele yao nikiwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Kanuni inataka useme unajuta. Hujutii wema uliofanya, ila unajutia kuufanya nadhiri. Rabi akauliza kama ningejua mwanzoni mambo yatakuwa hivi, ningejifunga?

"Hapana," nikasema. Kisha nikayasema na yale ambayo hakuniuliza. "Nilianza kwa sababu niliogopa mtaona sitoshi. Watoto niliwapenda, lakini nilikuja kwa hofu. Mama yangu ana siku moja kwa wiki, na mimi nimeitoa ili nyinyi mnione."

Mzee alitazama viatu vyake. Yule wa matairi ndiye aliyesema kwanza, taratibu, kwamba yeye pia aliwahi kuongoza watoto wale wale, akiwa na miaka ishirini.

"Na uliachaje?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Niliacha tu kuja."

Hakusema kwa ubaya. Aliona uso wangu, akaongeza kwamba wengi huacha hivyo, na hajui mtu aliyewahi kuulizwa. Nilitaka kumtupia mkoba. Miaka minne nimekaa ndani ya chumba ambacho wenzangu walikuwa wakitoka hata bila kufunga mlango.

Walinitamkia maneno kama inavyotakiwa, wote watatu kwa pamoja, mara tatu: umefunguliwa, umefunguliwa, umefunguliwa. Haikuchukua hata dakika. Rabi akanitakia mwaka mwema, mzee akainuka kutafuta kofia yake.

Mimi sikuondoka. Mtu aliyeamkia foleni ya vibali vya ukimbizi kwa miaka kumi haondoki dirishani mikono mitupu. Nikafungua mkoba, nikatoa kalamu na karatasi safi niliyokuja nayo kutoka nyumbani, nikaiweka mbele ya rabi. Nikamwomba aandike kwamba nimeacha kwa utaratibu, kwa ruhusa, mbele ya mashahidi, na wote watatu watie sahihi.

Wakatazamana. Rabi akanieleza kwa upole kwamba jambo hili halina karatasi, halijawahi kuwa nayo, maneno yanatosha.

"Najua," nikasema. "Naomba tu."

Akaichukua kalamu, akasita.

"Barua hii," akaniuliza, "utamwonyesha nani?"

"Nyinyi," nikasema.