Meno Sita Ambayo Dani Hakuwa Nayo

Video ya mwisho ya dani, yaani nyanya yangu mzaa mama, ilinifikia ikiwa na uso kama sakafu ya vigae. Mjomba ndiye aliyeirekodi kule Ndhiwa. Aliituma kwenye kundi la familia, familia ikarushia kanisa, kanisa likamrudishia shangazi, na kila ilipotumwa WhatsApp iliikamua kidogo, kama muwa unaopitishwa mashineni mara ya tano. Kufikia kwangu, dani alikuwa viboksi vya kahawia vinavyosema, "Msalimieni binti yangu."

Huyo binti ni mama. Alikuwa Qatar akifanya kazi za nyumba, akafika siku moja baada ya maziko. Mjomba alimwambia kwamba dani mwenyewe alikataa kuwekwa mochari akingoja watu. Mama alichobaki nacho ni zile sekunde kumi na mbili za video, akizitazama nyumbani kwetu Migori kila asubuhi mpaka chai inapoa.

"Mjomba, nitumie ile orijino," niliomba.

"Mpwa, simu ilianguka ziwani nikitoka kisiwani Takawiri. Na kadi yake ndani. Muulize samaki mbuta."

Nilicheka. Mimi hucheka kwanza, halafu ndiyo nafikiri.

Nikajifanya fundi. Kwenye maabara ya kompyuta shuleni, mwalimu akidhani nachora grafu ya Jiografia, nilipakua programu ya bure ya kulainisha video. Viboksi vikapotea. Makunyanzi nayo yakapotea. Dani akang'aa kama aliyepakwa samli. Nikipunguza, viboksi vinarudi. Nikiongeza, pua inaondoka. Wiki tatu hivyo. Mwishowe nikapata programu nyingine iliyojidai kufufua nyuso. Ikamfufua kweli: macho, kope, kitambaa cha kanisa, na tabasamu la meno yote.

Shida ni kwamba dani aling'olewa meno sita ya chini akiwa msichana, kama Waluo wa enzi zake. Programu ingejuaje? Iliona giza mdomoni, ikamhurumia.

Nilimwonyesha mama kwa mbwembwe zote. Akatazama, akanirudishia simu.

"Huyu ni mama ya nani?"

Nikaifuta ile programu.

Likizo ilipofika nikaenda Ndhiwa. Mjomba akanipa simu yake mpya. "Imejaa, bana. Nifutie hizo takataka za WhatsApp." Nikafuta, bado imejaa. Nikafungua kadi ya memori, ileile iliyodaiwa kuzama ziwani, na huyo hapo dani, kila kunyanzi mahali pake, pengo lote wazi. Dakika tatu nzima. Baada ya salamu tuliyoijua, anaendelea: "Na msinizike kabla hajafika. Nataka anitupie udongo kwa mkono wake."

Sauti ya mjomba inajibu, karibu kabisa na simu: "Sawa, mama. Tutamngoja."

Hawakungoja. Mahema yalikuwa yameshakodiwa, ng'ombe ameshafungwa, Jumamosi ya maziko ikabaki Jumamosi. Na mimi, mjuaji wa familia, nilisugua wiki tatu kipande alichokikata mjomba kwa kidole chake, na kila Ijumaa alinipigia kuniuliza, "Fundi, umefika wapi?"

"Umemaliza?" akaita kutoka nje, akipukuchua mahindi.

"Bado moja, mjomba. Ni nzito."

Nilikuwa naituma kwa mama, kutoka simu hiyohiyo yake. Niliituma kama faili, si kama video, ili isikamuliwe tena hata tone. Mtandao ukajikokota. Nikatoka nayo uani, nikiinua mkono kutafuta mawimbi, na mjomba akaona uso wa nani uko kwenye kioo.

"Hiyo sikukuambia uguse."

"Uliniambia imeliwa na mbuta."

Asilimia themanini. Angeweza kuninyang'anya; mimi ni mwembamba, yeye ana mikono ya jembe. Alibaki amekaa.

"Watu walikuwa wameshaalikwa," akasema.

Ikafika. Alama mbili, kisha zikawa bluu. Dakika tatu, urefu wa video, mjomba alipukuchua gunzi lisilo na punje. Kisha simu ikalia mkononi mwangu, picha ya mama ikajaa kioo.

"Pokea," mjomba akasema.

"Ni simu yako," nikamwambia, nikamwekea mapajani, juu ya magunzi.