Miaka saba isiyo na mdhamini

Saa kumi na mbili asubuhi, lori linarudi kinyumenyume hadi mlango wa nyuma wa duka la jumla. Vibarua wanajipanga, na katoni za sabuni zinaanza kushuka mkono kwa mkono. Wanataniana, wanabishana kuhusu mpira wa jana, wanalalamikia migongo. Mmoja tu hasemi kitu. Anapokea, anageuka, anampa mwenzake, anageuka tena.

Wenzake wamembandika jina la Bwana Kimya. Ana miaka arobaini na sita, shati lake limepigwa pasi ingawa kazi ni ya vumbi, na ana pengo la jino la mbele ambalo ni nadra kuonekana, maana hacheki ovyo.

"Si kwamba naringa," anasema wakati wa mapumziko, akiwa amekaa peke yake juu ya katoni tupu. "Nilipoteza mazoea ya kuongea. Ukikaa miaka na mtu mmoja tu, na mtu mwenyewe hakujui, unafika mahali sauti yako inakushtua."

Zamani alikuwa mtunza stoo katika kiwanda cha magodoro. Alikuwa na ofisi ndogo yenye dirisha, vijana wawili chini yake, na mchumba.

Kisha mama yake akaanza kusahau. Kwanza alikuwa anaacha jiko linawaka. Baadaye akapotea akienda dukani, njia aliyoipita tangu aolewe. Baba alishafariki, na dada mkubwa ameolewa mbali.

"Dada akaniambia, 'Mdogo wangu, mimi nina watoto, wewe bado uko mwenyewe.' Nikaacha kazi. Nilijua ni miezi michache tu."

Ikawa miaka saba.

Alijifunza kumwogesha mama yake huku ameangalia pembeni. Alijifunza kuponda vidonge kwenye uji. Hata kusuka alijifunza, kwa jirani, kwa sababu mama hakupenda kukaa na nywele timtimu.

"Mistari ya kwanza ilipinda vibaya. Mama akajitazama kwenye kioo, akaniuliza, 'Fundi, unadai kiasi gani?' Nikamwambia, 'Leo bure, mama.' Akafurahi kweli. Mimi nikatoka nje nikalia."

Marafiki walikuja, baadaye wakawa wanapiga simu, baadaye kimya. Mchumba alisubiri hadi akachoka. "Simlaumu," anasema.

Mama alifariki mwaka juzi. Ndugu walizika, wakakaa siku chache, wakaondoka. Kwa wiki kadhaa Bwana Kimya aliendelea kupika uji wa watu wawili.

Alipoanza kutafuta kazi, wasifu wake uliishia kiwanda cha magodoro. Kwenye usaili swali likawa lilelile: baada ya hapo ulikuwa wapi? Naye akawa anajibu kwamba alikuwa na shughuli binafsi.

"Siku moja wakanibana. Shughuli gani? Nikasema duka. Duka lilikuwa linauza nini? Nikababaika. Mmoja akaniuliza waziwazi, 'Ulikuwa umefungwa?' Nikasema hapana. Lakini namna nilivyoitamka hiyo hapana, hata mimi nisingejiamini."

Akaenda kubeba katoni. Ujira wa siku unalipa chumba na chakula, haubakizi kitu.

Mambo yalianza kubadilika kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, alipopeleka wasifu wake ukarekebishwe. Mchapaji, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliusoma mara moja tu.

"Kaka, hapa katikati kuna shimo. Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Ukifanya nini?"

"Sikuwa nafanya kitu. Nilikuwa namuuguza mama."

Mchapaji anakumbuka kwamba aliondoa mikono kwenye kompyuta. "Nikamwambia, asiyefanya kitu ndiye aliyemlisha, akamwogesha, akampeleka kliniki? Hayo tunayaandika. Usifiche, na usiongeze chumvi."

Wakaandika: mlezi wa mzazi mgonjwa, nyumbani, na miaka yake. Chini yake mistari miwili: kusimamia dawa, chakula na miadi ya kliniki. Mchapaji akamshauri pia asome kozi fupi ya kutunza mali ya stoo kwa kompyuta, maana aliacha kazi hiyo ikiwa ya kalamu na daftari. Aliisoma jioni baada ya kushusha katoni, kisha ikaongezwa kwenye wasifu.

Ikabaki sehemu ya wadhamini. Bosi wake wa kiwandani, sasa mstaafu, alikubali kwa simu moja. Lakini nani angeithibitisha ile miaka saba?

"Dada alilia nilipomwambia, lakini ndugu hahesabiki. Jirani alishahama. Aliyeniona nikifanya kazi ile kila siku ni mmoja tu, na hakujua kama ni mimi. Na sasa hayupo."

Asubuhi moja alikwenda kliniki, akapanga foleni na wagonjwa ilhali haumwi. Zamu yake ilipofika, muuguzi alimtambua.

"Leo umekuja mwenyewe? Mama hajambo?"

Ikabidi aseme. Muuguzi akamshika mkono, akampa pole, akaacha foleni isubiri kidogo.

"Wagonjwa wengi wa aina ile wanaletwa wamechakaa," muuguzi anaeleza. "Yule mama alikuwa anakuja amesukwa vizuri. Nilidhani ana binti hodari. Siku moja nikauliza nani anamsuka, kaka huyu akanyoosha kidole kama mwanafunzi. Aliponiomba niwe mdhamini nikamwambia, andika namba yangu. Wakipiga, nitaongea mpaka salio lao liishe."

Na walipiga. Ilikuwa mwezi uliopita, baada ya usaili katika ghala la vifaa vya hospitali. Wasaili watatu walimtaka aeleze kuhusu ule ulezi, naye akaeleza bila kuzunguka. Hakumbuki lini mara ya mwisho aliongea muda mrefu vile na watu wanaomjibu.

"Nilipomaliza, mmoja akasema, 'Pole sana. Sasa tueleze, bidhaa inayokaribia kuisha muda unaipanga wapi?' Hapo nikajua wananichukulia kama mtu wa kazi. Nikakaa vizuri kwenye kiti."

Amechukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu, kuanzia Jumatatu. Ni msaidizi wa mtunza stoo, chini ya bosi mdogo kwake kiumri kwa mbali. Hilo halimsumbui. Kuhusu pengo kwenye wasifu, anacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hii: "Lililobaki ni hili la mdomoni."

Akithibitishwa, anataka kusoma tena ili arudi kuwa mtunza stoo kamili. Lakini akiulizwa anatamani nini hasa, hataji cheo wala mshahara. Anafuta vumbi kwenye magoti.

"Siku nikiugua nikashindwa kwenda kazini," anasema, "natamani kuwe na mtu huko atakayeuliza, mbona leo hajaja?"