Udi wa Bi Mwajuma

Leo nimemfokea mama wa watu kwa kosa la kusafisha nyumba yake.

Ngojeni kwanza, msinihukumu.

Kazi yangu hapa maabara ya Kisarawe mnaijua. Asubuhi naingia chumbani mwa watu, natandika shuka nyeupe, napuliza dawa, naokota mbu wanaoanguka. Daktari wetu, Mzungu aliyeletwa na chuo kikuu cha kwao, anawapasua mbu hao kutafuta vimelea vya malaria.

Jana nilipita Msimbu kwa Bi Mwajuma. Nikamwambia kesho naleta mgeni, daktari. Nikaishia hapo, nikajiona nimeeleza.

Leo tumekuta ua umefagiliwa na mkeka mpya umetandikwa. Nikapitiliza ndani na shuka yangu.

Chumba kizima kinafuka udi.

Tumepuliza dawa, tumesubiri. Hakuanguka hata mbu mmoja.

Daktari akanitazama mimi. Mimi nikamgeukia Bi Mwajuma, mtu wa umri wa mama yangu, wajukuu zake wanasikia.

"Nani kakwambia ufukize? Umetuharibia kazi."

Hakubisha. Akasema taratibu, "Mwanangu, ulisema unaleta mgeni. Sasa mgeni nimkaribishe kwenye mbu?"

Tukatoka mbiombio kuwahi nyumba ya pili. Barazani palikuwa na sinia limefunikwa kawa. Hatukulifunua.

Sasa nakunja shuka, na bado inanukia udi.

Kesho narudi kwake. Niambieni, nianze na samahani, au na ile shikamoo ambayo leo sikumpa?