Kitabu Kilichokatwa kwa Msumeno

Mume wangu Bwanausi alikikata kitabu kwa msumeno, akanipa mimi nusu ya mbele, nusu ya nyuma akampelekea mke mwenzangu Sabiha. Hiyo ndiyo dhuluma niliyofanyiwa. Wanaonicheka wasubiri kwanza nimalize.

Bwanausi ni fundi seremala. Karakana yake iko uani kwetu hapa Bagamoyo, na vumbi la mbao zake nimelivumilia tangu nikiwa bibi harusi. Miaka ile ya mwanzo alikuwa ananiletea vitu vizima. Samaki mzima, tikiti zima, doti ya khanga yangu peke yangu. Kisha akaoa mke wa pili, kijijini Makurunge. Shehe akamwambia afanye uadilifu baina ya wake zake, naye akalishika neno hilo kama anavyoshika futi kamba. Tangu hapo tikiti linapasuliwa katikati. Nguru anachanwa kuanzia kichwani mpaka mkiani, kila nyumba ipate jicho lake. Khanga tunavaa sare, mimi na mtoto wa juzi, kama askari wa kikosi kimoja. Kila mtu ananiambia nina bahati, mume wangu ni mwadilifu. Huyo Sabiha kila kitu kwake ni nyongeza. Mimi niliyekuwa na kizima ndiye ninayeona nusu.

Kitabu alipewa na mteja wa Dar aliyekuja kuchukua milango yake. "Mpelekee shemeji," yule bwana alisema, "ni hadithi ya mauaji huko angani." Mimi nilikuwa kwenye mbuzi nakuna nazi. Nikamwona Bwanausi anakibana kitabu kwenye jiliwa, kile chuma chake cha kubania mbao.

"Baba Samia, unafanya nini?"

"Nagawa."

"Kitabu?"

"Nyinyi wawili, chenyewe kimoja. Unataka nikaulizwe siku ya kiyama?"

"Na wewe je? Mbona wewe hatukukukata?"

"Mimi nina zamu."

"Na kitabu hakiwezi kwenda kwa zamu?"

Akasimama, msumeno mkononi. Nikaona neno limemwingia. Lakini meno ya msumeno nayo yalikuwa yameshaingia kwenye mgongo wa kitabu.

"Nishaanza," akasema, akamalizia. Halafu, kwa kuwa ni fundi, akapiga msasa.

Yeye alidhani nitaangalia picha. Picha hazimo. Shule sikwenda, hilo nalisema mwenyewe. Chuoni nilisoma Kurani, na hizi herufi nyingine nilizipata kwa kukaa karibu na binti yetu Samia alipokuwa darasa la kwanza, yeye akisoma kwa sauti na mimi nikichambua mchele. Nasoma polepole. Lakini nikishaanza, siachi.

Kitabu kinaitwa *Nani Kazima Hewa?* Jina ninalijua kwa sababu jalada la mbele lilibaki kwangu. Ni habari za chombo kikubwa kama mji, kinasafiri kwenda kwenye nyota, na safari ni ndefu kiasi kwamba waliozaliwa humo watazeekea humo. Nahodha anakutwa amekufa chumbani mwake, mlango umefungwa kwa ndani, hewa imezimwa. Yuko Mkaguzi anayechunguza. Yuko Kidani, mtu wa chuma, ambaye hawezi kusema uongo. Na yuko Bi Rehani, mwanamke mzee anayemwagilia mboga za chombo kizima.

Nitoe haki yake mwandishi: anajua kuficha. Lakini ana mambo ya kuudhi. La kwanza ni ile maiti. Nahodha amekufa mwanzoni kabisa, na mpaka nusu yangu inakwisha hajaoshwa. Wamemlaza kwenye baridi kama samaki wa kusubiri mnada. Mkaguzi anakwenda kumtazama, anarudi kunywa kahawa, anakwenda tena. Hakuna hata wa kumfunga kidevu. Nilipomsimulia jirani yangu Mina, aliuliza, "Kwani ni Waislamu?"

"Hawakusema."

"Hata kama. Hawana ndugu hao?"

La pili ni Mkaguzi mwenyewe. Anamwuliza kila mtu alikuwa wapi usiku ule, na kila mtu alikuwa amelala. Ulitegemea watasemaje? Na muda wote huo Kidani, asiyejua uongo, amesimama mlangoni kama kabati, na hakuna anayemwuliza kitu! Nilimfokea Mkaguzi mpaka Bwanausi akatoka karakana kuuliza nagombana na nani.

Bi Rehani nilimpenda. Katika chombo kizima ni yeye tu aliyemlilia Nahodha, na kila asubuhi alimwekea sahani ya mboga mlangoni. Mimi nilikuwa nimemshuku daktari wa chombo. Daktari yule ananawa mno.

Nusu yangu inaishia hivi: mlango wa chumba cha marehemu unasikika ukigongwa kwa ndani. Mkaguzi anaufungua. Kitandani amekaa. Basi. Amekaa nani? Baada ya hapo ni msasa.

Zamu ya Makurunge ilipofika nilimtuma Bwanausi akaniletee nusu ya pili. Akarudi mikono mitupu.

"Anasema umpe yako kwanza. Yake haielewi. Watu wanamlilia Nahodha, na yeye Nahodha hamjui."

"Mwambie anipe, nikimaliza atapata zote."

"Anasema utafungia vitumbua."

Yaani mtu ana jibu asilojua swali lake, na bado ananitukana.

Tukakutana naye kwenye harusi ya mpwa wa Bwanausi, wote wawili na khanga zetu za sare. Nilikuwa uani na ungo wa mchele, wanawake wamejaa.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Kitabu kiko wapi?"

"Jamani, hata habari za nyumbani huulizi?"

"Habari za nyumbani zinatembea zenyewe kuja kwangu, kwa zamu. Kitabu."

Wanawake wakacheka. Sabiha akashika kiuno. "Bi mkubwa, tusidanganyane. Wewe unasoma, au umefunikia mtungi?"

Nikamtolea kwa kichwa, neno kwa neno, vile kinavyoanza: "Hewa ilizimwa alfajiri, na wa kwanza kujua alikuwa yule asiyepumua."

Akaachia kiuno. Kisha akashusha sauti. "Asiyepumua ni Kidani?"

"Ni nani mwingine?"

"Alijua tangu mwanzo! Ah! Kumbe!"

Akakaa chini, akavuta ungo upande wake, akaanza kuchambua pamoja nami. Nikamhadithia. Sikumnyima kitu: mlango, daktari, maiti ya kwenye baridi, Mkaguzi na kahawa yake. Alikuwa anasikiliza mdomo wazi, na ninapomtukana Mkaguzi ananisaidia. Nilisahau kabisa huyu ni nani. Nikafika kwenye sahani za mboga, naye akanipiga begani kwa furaha.

"Sasa nimeelewa! Ndiyo maana Bi Rehani alipomzimia hewa, ali—"

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mchele ukamwagika.

"Dada," akasema. Siku zote alikuwa ananiita bi mkubwa. "Dada, wallahi limenitoka."

"Bi Rehani?"

"Samahani, dada."

"Kwa sababu gani? Mtu aliyekuwa anamwekea sahani?"

"Sisemi tena hata herufi. Utasoma mwenyewe. Nitakuletea kwa mkono wa Baba Samia."

Hajaleta. Mara ya kwanza Bwanausi alisema amesahau. Mara ya pili alisema Sabiha anasoma upya, sasa kwa kuwa anaelewa. Na mimi ndiye niliyemwelewesha. Juzi Bwanausi amenunua gundi, anasema ataziunga nusu mbili zishikane kama mlango. Nikamwuliza, ukishaunga, kitalala nyumba ipi? Akaiweka ile gundi juu ya rafu, na iko hapo mpaka leo.

Kwa hiyo hesabu imesimama hivi. Sabiha ninamdai nusu ya kitabu, kuanzia aliyekaa kitandani. Lile jina lililomtoka hawezi kulirudisha, basi aniletee hata sababu yake niisome kwa macho yangu. Mwandishi, ninamdai kumwosha yule Nahodha na kumsitiri, kama hakufanya hivyo huko nyuma nisikofika. Na Bwanausi ninamdai kitabu kimoja kizima, chenye mwanzo na mwisho, akilete kwangu mimi. Akija na viwili, kimoja kwa kila nyumba, nitajua hajaelewa kitu.