Chaguo la -p

Fundi wetu wa programu huandika C akinong'ona, vidole viwili tu vikikimbia. Programu yake husoma maandishi kwa sauti. Ukiipa kwenye amri chaguo isilolifahamu, hujibu, "Samahani, hilo silijui." Juzi nilimwambia, "Kaka, hili -p la kusoma polepole halitumiwi na mtu. Nilifute?" Vidole vikasimama. "Shemeji yako aliliomba. Ugonjwa ulipomzidi, maneno ya haraka yalikuwa yanampita. Liache." Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu tumzike. Jioni nilirudi kuchukua mwavuli, nikamkuta peke yake. Alichapa amri, akaongeza -p, na kompyuta ikasema, neno baada ya neno, "Mke wangu, natoka kazini sasa." Lakini hakuinuka kitini.