Gia ya Usukani, Daudi Hadi Balangdalalu na Kurudi

Niliondoka kijijini kwetu Daudi kwa sababu mbili, na zote mbili nilizitangaza mbele ya watu ili nisipate njia ya kughairi. Ya kwanza ilikuwa kumleta mama mkubwa Regina, dada wa tumbo moja na mama yangu, atoke Balangdalalu aje kwenye kipaimara cha mjukuu. Goti lake halimruhusu tena kupanda basi wala bodaboda. Ya pili ilikuwa pikapu ya marehemu baba. Kaka yangu Bonifasi alikuwa ameshazungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu, aje Jumatatu aichukue.

"Hiyo gari imekufa gia," alisema tukiwa tunakula. "Mkono wa gia unacheza kama mkia wa ng'ombe."

Mimi nikasema itafika Balangdalalu na itarudi na abiria. Mama, ambaye sasa ndiye mwenye pikapu, alimaliza tonge lake kwanza.

"Ikirudi yenyewe bila kuvutwa, inabaki," alisema. "Ikivutwa, Bonifasi ampigie mtu wake." Kisha akaongeza kwamba na yeye anakwenda, maana hajamwona dada yake siku nyingi, na pia anataka kuona kwa macho yake.

Ninyi mliozoea magari ya siku hizi huenda hamjui gia ya namna hii. Haiko chini sakafuni. Mkono wake umetokeza kwenye shingo ya usukani, na ukiuvuta kwako au kuusukuma, kuna vyuma viwili virefu chini ya boneti vinavyopeleka amri hadi kwenye gia boksi. Baba alinifundisha nikiwa bado natumia mto ili nione barabara. Katika ukoo wetu wote niliijua mimi peke yangu, na nasema hivyo bila aibu, kwa sababu Bonifasi mwenyewe anajua.

Ijumaa alfajiri, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba ya vitunguu saumu, tuliondoka. Mama aliingia na kibuyu chake cha maziwa ya mgando cha kumpelekea dada, akakitundika kwenye mkono wa gia kama alivyofanya maisha yake yote. Mimi sikuona ajabu. Kwetu pale ndipo mahali pa kutundika vitu. Kofia ya baba ilikaa pale, mfuko wa maandazi ulikaa pale, na siku za mnada hata kuku aliwahi kufungwa pale kwa miguu. Bonifasi alisimama getini mikono mfukoni, akanipungia kwa tabasamu ambalo sikulipenda hata kidogo.

Mbulu mjini tulijaza mafuta, na Dongobesh tukanywa chai kwa maandazi ya moto. Hadi hapo gia ilinisumbua kidogo tu. Kila nilipotafuta ya pili ilibidi niitafute kweli, mkono ukienda huku na huku kabla ya kukamata, na mama akinitazama kwa pembe ya jicho.

Baada ya Bashanet, pale juu kabla barabara haijaanza kuteremka kwenda Dareda, mambo yakaharibika. Nilisimama ili nianze mteremko na gia nzito. Nikavuta mkono, ukaja mwepesi kabisa, na gari likagoma kwenda mbele wala nyuma. Gia mbili zilikuwa zimeng'ang'aniana.

"Ndiyo imekufa?" mama akauliza.

"Bado, mama. Shuka uweke jiwe kwenye tairi."

Nilifungua boneti. Vile vyuma viwili virefu vilikuwa vimepishana, kimoja kimekwenda mbele kuliko mwenzake. Nilivishika kimoja kwa kila mkono, nikavirudisha mpaka vikalingana. Hapo ndipo nilipoona ugonjwa wenyewe: kwenye ncha za vyuma hivyo bushi, vile vipete vinavyojaza matundu ili chuma kisicheze, zilikuwa zimelika zikaisha, na matundu yake yamekuwa mapana kiasi cha kuingiza kidole. Nikatia gia ya pili, nikaapa sitaibadilisha hadi chini. Tuliteremka polepole, lori moja la nyuma likitupigia honi njia nzima. Jasho lilinitoka, na nilikuwa na hasira, kwa sababu nilianza kusikia sauti ya Bonifasi kichwani.

Katesh tulifika mchana, Mlima Hanang umejifunika wingu kichwani. Tulisimama kwenye duka la spea la Mzee Salimu, ambaye baba alikuwa mteja wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mama, karibuni sana. Hii gari bado inatembea?"

Nilimweleza ninachotaka. Alicheka kwa upole, akatikisa kichwa. Bushi za gia ya usukani, alisema, hazijaletwa dukani kwake tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Alitafuta kwenye kopo la vyuma vya mchanganyiko, akaniletea pini moja mpya inayofanana na ile inayoshika mkono wa gia pale juu.

"Hii itakusaidia juu. Huko chini sina dawa," alisema. "Mtafute mwenye gari, mlikodi limlete mgonjwa wenu. Hii iacheni hapa, mtaivuta siku nyingine."

Neno kuvuta lilinichoma. Nilimshukuru, nikawasha gari.

Balangdalalu tulifika jua likiwa bado juu, kwa gia ya pili na ya tatu tu, tukikata mashamba ya alizeti. Mama mkubwa alitoka kwa fimbo yake, akamkumbatia mama, wote wawili wakalia na kucheka kwa pamoja. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza habari za kila mtu na kila mfugo wa Daudi. Alipofika kwenye pikapu, mama alimwambia yote, pamoja na habari za mnunuzi.

"Basi tusiende," alisema mama mkubwa. "Nisije nikawa mimi ndiye mzigo uliomaliza gari la shemeji."

Sikulala vizuri, nakiri. Nilikuwa nimejisifu sana.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kunawa nyuma ya nyumba, na pale ukutani nikaiona nira ya maksai. Mama mkubwa ni mtu wa ngozi. Kazi yake, tangu akiwa msichana, ni kutengeneza kamba na mikanda ya kufungia maksai wa kulima, na watu wa pale wote humletea. Nilipoitazama nira nikaona matundu yanayopita vijiti vya shingoni yamevalishwa ngozi ndani, nyeusi kwa mafuta, ngumu na laini kwa wakati mmoja.

"Mama mkubwa, hii ngozi ya nini?"

"Tundu likipanuka kijiti kinacheza, na ng'ombe anaumia shingo. Nira nzima huitupi. Unavalisha ngozi, kijiti kinatulia."

Tulitazamana. Hadi leo anasema wazo lilikuwa lake, kwa sababu ndiye aliyetamka. Mimi nasema lilikuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyeuliza. Tulibishana hivyo njia nzima ya kurudi.

Asubuhi yote tulifanya kazi. Nililala chali chini ya gari na kuvifungua vyuma, nikamletea. Yeye aliketi kwenye kigoda, akachagua kipande cha ngozi ya shingo ya maksai, mahali ambapo ngozi huwa nene kuliko kwingine. Akakiloweka, akakata vipande vya duara, akavitoboa katikati kwa msumari wa moto, akavipaka mafuta ya ng'ombe na kuvikanda kwa vidole mpaka vikatii. Cha kwanza kilikuwa kinene, kikagoma kuingia. Cha pili kikapwaya. "Leta hicho chuma chenyewe nikipime," alisema kwa ukali, na kuanzia hapo hakukosea tena. Nilivigonga ndani ya matundu, nikarudisha vyuma, nikafunga na nati mbili mbili ili zisilegee.

Ikabaki pini ya juu. Niliichomoa ile ya zamani na kuigeuza kwenye mwanga. Upande wa juu ilikuwa nzima, inang'aa. Upande wa chini ilikuwa imelika karibu nusu. Nikashangaa. Mkono wa gia huvutwa huku na huku, juu na chini. Kwa nini pini ilike upande mmoja? Kisha macho yangu yakahama yenyewe, yakatua kwenye kibuyu cha maziwa, kilichokuwa bado na kamba yake shingoni.

"Mama," nikaita. "Hiki kibuyu kikijaa kina uzito gani?"

Mama alikitazama kibuyu, akaitazama pini mkononi mwangu. Akageuka akaangalia mlima.

"Na kofia ya baba yako," alisema mwishowe.

"Kofia, mama?"

"Basi, na kuku."

Mama mkubwa alicheka mpaka akashika goti lake. Kumbe gari halikuzeeka vibaya. Ukoo mzima ulikuwa umelifanya msumari wa ukutani, na halafu tukalilaumu. Nilitia pini ya Mzee Salimu, nikakaza. Kisha nikawasha, nikazunguka uwanja wa kupuria alizeti: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nyuma. Kila moja ilikamata bila kutafutwa. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya gari, na sijutii.

Jumapili baada ya misa tulianza kurudi, watatu kiti cha mbele. Katesh tulisimama kwa makusudi. Mzee Salimu aliingia mwenyewe, akazitia gia zote.

"Umepata wapi bushi?"

"Ya ngozi," nikasema.

"Ya shingo ya maksai," mama mkubwa akadakia dirishani. "Aliyelima maisha yake yote. Hiyo haitoki leo wala kesho."

Mzee Salimu akawaita majirani zake waje kuona. Nilisimama pale nikiwa nimekunja mikono, nikijifanya sijali.

Dareda, kwenye kupanda, ndipo ulipokuwa mtihani. Mbele yetu lori la mahindi lilianza kukata tamaa katikati ya kona. Ilibidi nipunguze kutoka ya pili kwenda ya kwanza, mlimani, mahali pabaya kuliko pote, na hizo ndizo gia zilizokuwa ziking'ang'aniana. Nikikosa, gari litarudi nyuma na tutavutwa. Nikakanyaga klachi, nikavuta mkono kwangu, nikausukuma. Ukaingia mara moja, na nikausikia hadi kwenye kiganja. Tukampita yule wa lori taratibu, na mama akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo aliokuwa akiuimba baba kwenye mlima uleule. Sikuwa nimemsikia mama akiuimba tangu tumzike baba.

Daudi tulifika jioni mapema. Bonifasi alitoka, akazunguka gari lote akitafuta alama ya kamba ya kuvutia. Hakuiona. Nikampa ufunguo. Alimwamkia mama mkubwa kwanza, akapanda, akajaribu gia moja moja, akarudia. Kisha akatoa simu, akampigia mtu wake.

"Usije kesho," alisema. "Hatuuzi. Hapana, si bei. Hatuuzi tu."

Nilichojifunza ni kwamba gari la baba halikuwa linakufa. Lilikuwa limebebeshwa. Na nimejifunza kwamba mimi ni dereva, na fundi, na mtoto wa baba yangu, na hayo matatu nitayasema popote nitakapoulizwa.

Jumapili iliyofuata tulikwenda kwenye kipaimara. Mama mkubwa nilimpeleka kwanza, kisha nikarudia wengine. Bonifasi alikaa katikati, akavua koti lake jipya, na mkono wake ukaenda bila kufikiri kulitundika kwenye mkono wa gia. Mama akampiga kofi kwenye vidole.

"Pakata," alimwambia, na yeye mwenyewe alikuwa amekipakata kibuyu.