Nyumba Zilizobakishwa Uso

Fundi chokaa wetu amefariki. Habari zilinikuta soko la Walthamstow, huku ughaibuni, nikichagua mihogo. Aliyepiga simu ni mwenye duka la vitambaa, Mhindi wa Mombasa, rafiki wa marehemu. "Fundi ametutoka, bwana. Moyo. Mazishi kesho baada ya adhuhuri, uje." Nilimwombea marehemu, kisha nikaona aibu, na sababu ya aibu hiyo ninyi wasomaji mna haki ya kuijua.

Nilimfahamu fundi ndani ya duka hilo la vitambaa, kwenye safu ya nyumba za ghorofa nne za zaidi ya miaka mia mbili, ambazo vyumba vyake vya chini vimekuwa maduka. Wateja wanapimiwa vitambaa, yeye kapiga magoti anakwangua ukuta kwa ufunguo, kisha akaonja vumbi lake. Mwenye duka akamfokea, "We mzee! Customers wangu watasema hapa pana wazimu!" Mzanzibari yule, aliyerithi kazi kwa baba yake Mji Mkongwe, hata hakugeuka. "Hii chokaa safi. Nani kakupigia sementi juu yake? Ndo maana vitambaa vyako vinaota ukungu." Alikuwa sahihi. Ukuta wa kale hupumua kwa chokaa. Ukiuziba kwa sementi, unyevu hukosa pa kutokea. Aliibandua sementi yote, akapaka chokaa, na ukungu ukakoma. Siku alipomaliza alitupandisha kuona ngazi ya mbao iliyozunguka hadi kwenye kioo cha paa, mwanga ukishuka mpaka sakafu ya chini. Aliiringia ngazi ile utadhani kaichonga yeye.

Kisha nyumba zikauzwa. Mmiliki mpya aliomba kibali cha kubakisha ukuta wa mbele tu, nyuma yake abomoe kila kitu na kujenga vijumba vya kupangisha. Fundi alinijia na tangazo mkononi. "Wewe una kalamu. Tuna wiki tatu za ku-object. Andika hata aya mbili, watu wajue." Nikamwambia nitaandika. Wiki ya kwanza, kwenye safu yangu ya gazeti, niliandika kuhusu mpira, ya pili kuhusu harusi za kifahari, ya tatu sikumbuki hata niliandika nini. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa langu. Barua ya kupinga ilipelekwa moja tu, yake.

Mwezi uliopita nilipita pale. Ukuta wa mbele umeegemezwa vyuma, na kwenye madirisha unaona mawingu. Ngazi ilikatwa vipande ikatupwa kwenye kontena la taka. Juu wametundika bango linalowaalika watu "kuishi ndani ya historia". Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hawa hata hicho kipande cha mti wamekitupa, na ofisi ya mji imewagongea muhuri. Wapita njia wanapiga picha na kusifu kwamba angalau sura imehifadhiwa. Sura! Nyumba wameiua, halafu wanataka tuwashukuru kwa kutuachia ngozi yake.

Fundi naye alikuwa pale, kasimama upande wa pili wa barabara. Nilitaraji anitukane. Aliniuliza kwa upole, "Ulikuwa umesafiri?" Nikasema ndiyo. Sikuwa nimesafiri. Alinipa njia ya kuficha uso nami nikaipokea haraka, na huo ndio uchafu unaonichukiza kuliko bango lolote.

Makaburini mwenye duka alinishika mkono. "Mwandikie vizuri, bwana. Wewe unajua kuandika." Nimemwandikia. Kusifu aliyekwisha kuzikwa hakuna jasho; mwenye kalamu aitumie kitu kingali kimesimama. Fundi aliniomba aya mbili tu, na alikuwa hai.